Discord kwa Mtafsiri Anayefanya Kazi Peke Yake: Tathmini Kutoka Mwanza

Chumba changu cha kazi kiko Nyegezi, kwenye mwinuko, na dirisha lake linatazama mawe makubwa ambayo katikati yake ziwa huonekana kipande kidogo tu. Humo ndimo ninamotafsiri kuanzia asubuhi hadi jioni: miongozo ya afya, mikataba ya miradi ya uvuvi, vitabu vya mafunzo ya wakulima, na mara chache hati za mahakama. Kazi huja kwa barua pepe, malipo huja kupitia benki, na wateja wengi sijawahi kusikia hata sauti zao. Majirani zangu ni watu wema ambao hunisalimu, huniletea dagaa na kuniulizia hali ya wazazi, lakini hakuna kati yao ninayeweza kumwendea saa tano mchana nikamuuliza kama sentensi ya kisheria yenye maneno themanini ikatwe vipande vitatu au iachwe ilivyo, na kama nikiikata, mwanasheria wa upande wa pili hatadai kwamba maana imebadilika.

Anayejiajiri katika kazi ya aina hii anaweza kuwa na watu wengi wa kuongea nao na bado akakosa wenzake wa kazi. Programu za kuwasiliana tunazo, na simu ya kila mmoja wetu imebeba nne au tano. Hata hivyo, kila ninapoipima programu mpya ninaiuliza jambo moja tu: je, inaniwezesha kufanya kazi nikiwa pamoja na wenzangu, au inanifikishia tu ujumbe wao?

Kwa kipimo hicho ninaitathmini hapa Discord, ambayo kikundi chetu kimeitumia tangu Januari 2023. Tuko watu kumi na wanne, watafsiri na wahariri wa Kiswahili, wote tunajiajiri. Watatu tuko Mwanza, mmoja Bukoba, na wengine wametawanyika Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa, Kisumu na Bujumbura, na mmoja yuko Lubumbashi. Sina uhusiano wowote na kampuni inayoimiliki programu hii, na toleo ninalolizungumzia ni lile lisilolipiwa.

Kabla ya hapo tulikuwa WhatsApp, kama kilivyo karibu kila kikundi cha nchi hii, kuanzia cha harusi hadi cha wazazi wa wanafunzi. Sina nia ya kuidharau. Inapatikana kwa Kiswahili, kila mtu anayo tayari, ujumbe wake husimbwa kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, yaani hufichwa ili wasiohusika wasiweze kuusoma, tangu mwaka 2016, na kundi moja linaweza kuchukua watu hadi 1,024. Tatizo lilitokana na namna sisi wenyewe tulivyoitumia. Swali la istilahi lilikuwa linaingia saa nne, likafuatwa na tangazo la msiba, likafuatwa na rambirambi kumi na tatu, ambazo kwa adabu zetu hakuna anayeweza kuziacha. Na ilipofika saa kumi jioni, yule aliyekuwa na jibu la swali la asubuhi alikuwa haoni tena swali lilipo. Mazungumzo ya kitaaluma yanahitaji chumba chake, na msiba unastahili chumba chake pia, ili mtu aliyefiwa asisome pole zake zikiwa zimechanganyika na mjadala wa alama za uakifishaji.

Tulizifikiria pia Slack na Telegram. Slack, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2014, imepangwa vizuri sana kwa ajili ya ofisi, lakini tangu Septemba 2022 toleo lake lisilolipiwa huonyesha ujumbe wa siku 90 tu zilizopita. Kwa watu ambao hazina yao kubwa ni mijadala ya mwaka juzi, sharti hilo lilitosha kutufanya tuiache. Telegram inahifadhi mazungumzo ya zamani na inaruhusu makundi makubwa mno, ya watu hadi 200,000, lakini sisi tulihitaji vyumba vidogo, na ukubwa huo haukutusaidia kitu.

Discord ilizinduliwa Mei 2015 na Jason Citron na Stanislav Vishnevskiy, na iliundwa kwa ajili ya watu wanaocheza michezo ya kompyuta kwa pamoja. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilidhani haituhusu. Baadaye niliona kwamba asili hiyo ndiyo sababu ya kutufaa. Mchezaji ana mikono miwili iliyoshika vitufe na macho yaliyokaza kwenye kioo. Hawezi kuandika ujumbe, hawezi kupokea simu, lakini anataka kuwasikia wenzake walioko kwenye uwanja uleule. Mtafsiri naye ana mikono miwili juu ya kibodi na macho kwenye matini. Hitaji ni lile lile.

Chombo kinachotimiza hitaji hilo ni chaneli ya sauti. Kwa asiyeifahamu, nitaieleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndiyo inayotofautisha programu hii na simu ya kawaida. Ndani ya seva yenu, yaani eneo lenu la pamoja, kuna orodha ya vyumba. Vingine ni vya maandishi na vingine ni vya sauti. Chumba cha sauti hukaa wazi mchana na usiku. Hakuna anayepigiwa simu, hakuna mlio, hakuna wa kupokea wala kukataa. Unagusa jina la chumba na tayari umo ndani; waliomo wanaona jina lako limeongezeka, na wewe unaona majina yao. Ukitaka kutoka, unatoka. Simu humlazimu anayepiga awe na sababu na anayepokea aache alichokuwa anakifanya, ilhali chumba hiki hakimdai mtu maelezo, na mtu anaweza kukaa humo saa mbili bila kutamka neno.

Chumba chetu tunakiita Ukumbi wa Kazi, na tunakutana humo kuanzia saa 3 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Kila anayeingia hutoa salamu, husema kwa sentensi moja anachokifanya siku hiyo, kisha hufunga maikrofoni. Tunafanya kazi dakika hamsini kwa ukimya, na dakika kumi zinazofuata ni za kuongea. Katika dakika hizo mmoja atasema amemaliza kurasa mbili, mwingine atasema amekwama katika aya moja tangu alipofungua, na mara nyingi yule aliyekwama akiisoma aya kwa sauti hulisikia kosa lake kabla hatujamjibu. Kisha ukimya unarudi. Sikutarajia kwamba ukimya unaoshirikiwa ungekuwa na nguvu kiasi hicho. Siku ambazo sikuingia ukumbini, nilijikuta saa sita mchana nimesoma habari za mpira kwa saa nzima. Siku nilizoingia, majina manane yaliyoorodheshwa pembeni ya kioo yalinitosha kunirudisha kwenye ukurasa.

Wasukuma wanalijua jambo hili kwa muda mrefu. Bugobogobo, ngoma inayochezwa kwa majembe, imetokana na vikundi vya wakulima waliolima kwa pamoja, shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, na ngoma ndiyo iliyoshikilia mwendo wa majembe. Aliyefika kwenye makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, huenda ameiona ikichezwa mbele ya wageni, na inapochezwa kwa wageni ni rahisi kuona urukaji na kurusha majembe tu. Lakini jambo lililo ndani yake ni la kikazi kabisa: kila mtu analima mstari wake kwa mikono yake, hakuna anayemlimia mwenzake mstari ule, na hata hivyo mstari unakwenda kwa sababu majembe yote yanashuka kwa pamoja. Ukumbi wetu unafanana na hilo kuliko unavyofanana na mkutano.

Kuna faida nyingine ya orodha ya majina ambayo nilikuja kuitambua wakati wa masika ya mwaka 2024. Mwenzetu mmoja, kijana makini ambaye hakuwahi kukosa, hakuonekana Jumatatu wala Jumanne. Katika kundi la ujumbe mtu anaweza kunyamaza wiki mbili bila yeyote kugundua, kwa kuwa kunyamaza ndiyo hali ya kawaida ya wengi. Katika ukumbi, jina lisipokuwepo pengo lake linaonekana. Jumanne mchana dada mmoja wa Mombasa alimpigia simu, akamkuta amelala na malaria, yuko peke yake nyumbani, na kazi aliyotakiwa kuikabidhi Alhamisi ikiwa nusu. Watatu kati yetu, kwa idhini ya mteja wake, tuligawana kurasa zilizobaki, naye akaipitia mwenyewe Jumatano usiku alipopata nafuu. Mtu aliyeajiriwa ofisini ana likizo ya ugonjwa na ana mwenzake wa meza ya jirani. Sisi tuliojiajiri hatuna vyote viwili, isipokuwa tumejitengenezea.

Sehemu ya pili ninayoithamini ni chaneli ya mjadala, iliyoongezwa Septemba 2022, ambamo kila swali hufunguliwa kama mada yenye kichwa chake na majibu hukaa chini yake bila kuchanganyika na mengine. Sisi tunaitumia kwa istilahi. Nitatoa mfano mmoja ambao ulitoka kwenye meza yangu. Nilikuwa natafsiri mwongozo wa ufugaji wa samaki kwenye vizimba, shughuli ambayo kwa miaka ya karibuni imeenea sana katika maji yetu, na nilihitaji neno la samaki wachanga wanaonunuliwa ili kupandikizwa. Niliandika vifaranga. Mhariri mmoja wa Zanzibar alipinga kwa hoja nzuri: kifaranga ni wa kuku, na msomaji wa pwani atashangaa. Alipendekeza watoto wa samaki. Mwenzetu wa Kisumu alisema kwamba kwake neno lolote kati ya hayo mawili lingeeleweka. Mimi nilishuka upande wa Luchelele nikamuuliza kijana anayelisha samaki kwenye vizimba, bila kumtajia neno, aniambie huwa wananunua nini kabla ya kuanza msimu. Alijibu papo hapo: vifaranga. Nilirudi na jibu hilo, na mjadala ukahitimishwa kwamba mwongozo unaosomwa na mfugaji utumie neno la mfugaji, na kwamba katika toleo la kusambazwa pwani maelezo mafupi yawekwe mara neno linapotokea kwa mara ya kwanza.

Mjadala huo ulichukua siku mbili. Miezi minane baadaye mteja mwingine alinipa kazi ya samaki, nikatafuta neno vifaranga kwenye kisanduku cha kutafutia, na mjadala wote ukafunguka, pamoja na hoja ya Zanzibar ambayo nilikuwa nimekwisha kuisahau. Katika toleo lisilolipiwa mazungumzo ya zamani hayafichwi baada ya muda fulani, na mwanachama mpya akiruhusiwa na wasimamizi huyaona yote tangu siku ya kwanza. Kwa mtafsiri hilo lina thamani kubwa. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limesanifu istilahi nyingi, nasi huanza kwa kuzitazama hizo. Lakini matini za kila siku hukimbia kuliko kamusi, na katikati ya kamusi moja na inayofuata ni mijadala kama hii inayotushika mkono.

Lipo jambo la adabu ambalo watengenezaji wa programu hawakulifikiria, nasi ilitubidi tulitatue. Katika Discord mtu hujulikana kwa jina alilojichagulia na picha aliyoiweka, ambayo huenda ikawa ua au paka. Mtu anaingia ukumbini, hujui umri wake, hujui kama ni wa kumwamkia shikamoo au wa kumwambia mambo. Kwa wiki za mwanzo kulikuwa na wasiwasi wa kweli: vijana walinyamaza kwa kuogopa kumkosea mkubwa, na mzee mmoja aliyefundisha Kiswahili miaka mingi kabla ya kustaafu alisalimiwa kama rika la vijana wa chuo. Hakulalamika, lakini sisi tuliona. Tukakubaliana kwamba jina linaloonekana ndani ya seva yetu liwe jina halisi, likitanguliwa na kaka, dada, mama au mwalimu kama mwenyewe anavyopenda kuitwa. Programu inaruhusu kila seva iwe na majina yake ya ndani, kwa hiyo mtu hakulazimika kubadilisha jina lake kwingineko. Siku hizi Mwalimu anapoingia, shikamoo husikika kutoka pande zote, naye huitikia marahaba, ndipo kazi ianze. Naliona jambo hili kuwa la msingi. Mahali pa kazi ambapo watu hawajui kusalimiana hapawezi kudumu kwetu.

Kuhusu saa, na atahadhari mwenye wenzake walio mbali. Bujumbura na Lubumbashi wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa 3 asubuhi ya Mwanza ni saa 2 asubuhi kwao. Programu humwonyesha kila mtu muda wa mahali alipo, lakini huuonyesha kwa hesabu ya kizungu, na mtu anayesoma tisa kamili na kusikia saa tatu anaweza kuchanganyikiwa anapokuwa na haraka. Sisi huandika saa kwa Kiswahili na kuongeza asubuhi, mchana au jioni, kila mara.

Swali ninaloulizwa zaidi na watu wa hapa ni la bando, na ni swali la haki, kwa sababu wengi wetu tunanunua data kwa siku au kwa wiki. Hesabu yake ni hii. Chaneli ya sauti, kama haijabadilishwa, hupitisha kilobiti 64 kwa sekunde kwa kila anayeongea. Kwa saa nzima ya mtu mmoja kuongea mfululizo, hiyo ni karibu megabaiti 29, pamoja na nyongeza kidogo ya ufungaji wa data. Wakiongea watatu kwa wakati mmoja, sauti zao hukujia kila moja peke yake, kwa hiyo kiasi hicho huzidishwa kwa tatu. Lakini asiyeongea hatumi sauti. Katika ukumbi wetu, siku yenye saa nne za kazi ina maongezi ya dakika arobaini hivi kwa jumla, ambayo ni megabaiti ishirini au chini ya hapo. Msimamizi anaweza pia kukishusha kiwango hicho hadi kilobiti 8, ingawa sauti hapo huwa nyembamba mno. Sisi tumekiweka 32 na hakuna aliyelalamika. Picha za video ni habari nyingine kabisa. Tumeziacha, na anayetaka kuonyesha ukurasa wake hushiriki kioo kwa dakika chache kisha huzima.

Mei 2024, nyaya za mawasiliano zilizo chini ya Bahari ya Hindi zilipokatika na intaneti ikadhoofika nchini, ukumbi haukutumika kwa siku kadhaa, kwa kuwa sauti haikupita. Maandishi yalipita kwa kuchelewa. Umeme nao una siku zake, na hapo kompyuta mpakato yenye betri nzima na simu ya kugawia intaneti ndizo zinazomwokoa mtu. Niliwahi kupoteza nusu siku kwa kutegemea kifurushi kimoja tu, na tangu hapo nina laini mbili za kampuni tofauti.

Kelele hazisumbui kama nilivyohofia. Tangu mwaka 2020 programu hii ina kichujio cha kelele kinachotumia teknolojia ya Krisp, ambacho hupunguza milio isiyo ya sauti ya mtu. Mvua ya Bukoba juu ya paa la bati, ambayo wenyeji wanajua haina masihara, husikika kwa mbali au haisikiki kabisa mwenzetu wa huko anapoongea. Hedifoni ya bei nafuu yenye maikrofoni inatosha.

Sasa nieleze yanayonikera na yanayotaka hadhari.

La kwanza linaniuma kama mtafsiri: Discord haina Kiswahili katika lugha zake. Ina lugha za watu wengi na za watu wachache, lakini yetu, inayosemwa kuanzia Lamu hadi Lubumbashi, haimo. Watu kumi na wanne ambao riziki yao ni Kiswahili huingia kila asubuhi katika ukumbi ambao vitufe vyake vyote vimeandikwa kwa lugha ya wengine. Vyumba tumevipa majina yetu: Hodi kwa wageni, Ukumbi wa Kazi, Istilahi, Bei na Wateja, Pole na Hongera. Menyu hatuwezi kuzigusa. Mwalimu alihitaji wiki mbili za kuelekezwa kwa simu kabla ya kuzizoea, na ninaamini lugha ndiyo iliyomchelewesha, wala si umri.

La pili ni usiri, na hapa nawasihi wanataaluma wenzangu wawe makini sana. Tangu Septemba 2024 simu za sauti na video katika Discord zimeanza kusimbwa kutoka mwisho hadi mwisho, lakini maandishi hayasimbwi hivyo. Mtafsiri amesaini mikataba ya kutunza siri. Kuweka aya ya mkataba wa mteja katika chaneli ya maandishi ni kuitoa nje ya makubaliano yake, hata kama chaneli ina marafiki kumi na watatu tu. Kanuni yetu ni kwamba swali la istilahi huandikwa kwa sentensi iliyotungwa upya, bila jina la mtu, la kampuni wala la mradi, na faili ya mteja haiwekwi hata kwa dakika moja. Mwenzetu mmoja aliwahi kuiweka kwa haraka. Tulimwomba aiondoe, akaiondoa, na akamwarifu mteja. Vilevile nashauri mtu asitume nakala ya kitambulisho chake kwa sababu ya kuombwa tu kuthibitisha umri, pasipo kufikiri: Oktoba 2025 kampuni yenyewe ilitangaza kwamba picha za vitambulisho vya watumiaji wapatao 70,000 huenda zilifichuliwa kupitia mtoa huduma wa nje aliyekuwa akisaidia huduma kwa wateja.

La tatu ni arifa. Seva mpya inaweza kukuarifu kwa kila ujumbe, na mtu asiyebadilisha mpangilio huo atachukia programu ndani ya siku tatu. Chagua kuarifiwa unapotajwa kwa jina tu. Faili kwa asiyelipia zina ukomo wa megabaiti 10, ambao unatosha kwa orodha za istilahi na hautoshi kwa kitabu kilichopigwa picha. Kifurushi cha kulipia, Nitro, huongeza ukubwa wa faili na mapambo, hatujakihitaji.

Chaneli ya Bei na Wateja inastahili maneno machache zaidi, kwa sababu humo ndimo upweke wa anayejiajiri huwa na hasara ya fedha. Mtu aliye peke yake hajui kama bei aliyotajiwa ni ya haki au ni ya kumnyonya. Akiuliza katika kundi la wazi la mamia ya watu, ataogopa kuonekana mchanga, au mwingine atamwendea mteja yuleyule kwa bei ya chini. Kati ya watu kumi na wanne wanaosikia sauti za wenzao kila siku, woga huo umepungua. Mwaka jana wawili kati yetu waligundua kwamba walikuwa wakimdai mteja mmoja wa nje kwa miezi mitano, kila mmoja akidhani ni yeye tu aliyecheleweshewa. Waliandika barua ya pamoja, wakaambatisha ankara zote, na baada ya wiki tatu walilipwa. Sidhani kama wangelipwa wakiwa mbalimbali.

Na kuna jambo ambalo sikulitegemea kutoka kwa programu ya mtandaoni. Ukumbi ndio ulionifahamisha kwamba mmoja wa wenzangu anaishi Mkolani, mwendo mfupi wa daladala kutoka kwangu. Tulikuwa tumeandikiana miezi mitano bila kujua. Sasa sisi watatu wa Mwanza hukutana Alhamisi moja kila mwezi kando ya ziwa, tunakula sato wa kuchoma, na kompyuta hubaki nyumbani.

Kwa kikundi cha watu watatu au wanne wanaojuana tayari, sioni sababu ya kuhama WhatsApp. Vyumba vingi vitakuwa vitupu. Kwa watu ambao kazi yao imejaa siri kuanzia sentensi ya kwanza, maandishi ya Discord hayafai. Kwa watu kumi hadi thelathini wa fani moja, walio mbalimbali na walio tayari kupeana saa ya kuonekana, sijapata kilicho bora kuliko hiki, na nakipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano naizuilia hadi siku Kiswahili kitakapoingia kwenye menyu zake.

Mwenye kutaka kujaribu aufungue ukumbi mmoja wa sauti, chaneli moja ya istilahi za fani yake na moja ya salamu, kisha atafute watu wawili watakaokubali kuwa ukumbini saa ileile kila siku kwa mwezi mzima hata kama hakuna mwingine atakayekuja. Sisi tulianza na chaneli kumi na moja. Sita tulizifuta ndani ya miezi miwili kwa kukosa watu, na katika wiki tatu za mwanzo ukumbi wa sauti ulikuwa na mimi na yule dada wa Mombasa peke yetu, kila mmoja akisikia kibodi ya mwenzake.